Purim: funga sahani za watu kwanza, meza yako baadaye

Wenzangu tunaoishi London, hasa wenye majirani au wakwe Wayahudi, huniuliza kila ikikaribia Machi: nimealikwa Purim, sikukuu ya Wayahudi, niende na nini? Mwaka wangu wa kwanza sikuuliza mtu. Nilibisha hodi kwa jirani yangu wa Golders Green na sinia la visheti nilivyovipika usiku kucha. Mama wa watu alilipokea kwa mikono miwili, akanikumbatia, lakini visheti havikuliwa. Nyumba yake inashika kosher, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, na chakula kilichopikwa katika jiko lisilofuata sheria zao hakiingii mezani, hata kiwe kitamu vipi. Kesho yake alinieleza taratibu, kisha akasema, "Mwakani njoo tuoke hapa kwangu."

Kwa hiyo, kama wenyeji wako wanashika kosher, peleka matunda mazima au kitu cha dukani chenye alama ya kosher. Ukitaka kupika, omba kupikia kwao. Kwa jirani yangu, oveni huiwasha yeye mwenyewe, mimi siigusi, na kila yai hulipasua kwanza ndani ya glasi, alitazame kama lina tone la damu, ndipo limiminwe kwenye unga. Nilipojua sababu zake, nami nikaanza kuyatazama mayai kwa makini yale yale.

Sikukuu yenyewe huwa tarehe 14 ya mwezi wa Adari katika kalenda ya Kiyahudi. Jina lake limetokana na "puri", yaani kura ya bahati nasibu: Hamani, waziri wa mfalme wa Uajemi, alipiga kura kuchagua siku ya kuwaangamiza Wayahudi, na Malkia Esta na mlezi wake Mordekai wakaipindua hila hiyo. Kitabu cha Esta husomwa chote kutoka kwenye gombo la ngozi, usiku na tena mchana. Watoto huja wamevaa kama malkia, simba, zimamoto, chochote. Kila likitajwa jina la Hamani wanapiga miguu chini na kutikisa makopo ili jina lisisikike. Ukialikwa, piga kelele nao, ila msomaji akiendelea nyamaza papo hapo: wajibu wao ni kusikia kila neno.

Zaidi ya kusikiliza kitabu, yapo mambo matatu ya mchana: kumpelekea angalau mtu mmoja vyakula vya aina mbili vilivyo tayari kuliwa, kuwapa angalau maskini wawili, na karamu. Wengi wetu tunaanza na karamu kwa sababu ndiyo inayoonekana. Maimonides, mwanazuoni wa karne ya 12, aliandika kwamba ni bora mtu azidishe fungu la maskini kuliko karamu yake na zawadi za rafiki zake. Jirani yangu anaishi hivyo. Bahasha za maskini anazitenga kabla hajanunua hata kilo ya unga. Mimi niliyelelewa Tanga, ambako sahani za futari hupita uchochoro kwa uchochoro na hakuna anayerudisha sahani tupu, nililielewa hilo bila kufafanuliwa.

Sasa vitafunio vya siku hiyo, hamantaschen. Kwa Kiebrania huitwa masikio ya Hamani. Ni biskuti za pembe tatu zenye kitu kitamu katikati. Za kwanza nilizoumba zilifunguka zote ovenini, jemu ikamwagika na kuungua. Nilikuwa na makosa mawili: jemu nyepesi na unga wa uvuguvugu.

Tunatumia gramu 300 za unga uliochekechwa, 100 za sukari, 150 za siagi ya mimea, yai moja, chumvi kidogo na ganda la chungwa lililokwaruzwa. Siagi ya maziwa hatutii, maana baada ya nyama hawali kitu chenye maziwa mpaka zipite saa kadhaa, na biskuti hizi huliwa karamu ikiisha. Hamira pia hatutii. Pembe zikiumuka zinaachana. Kanda kidogo tu, weka kwenye friji saa nzima. Sukuma, kata duara kwa mdomo wa glasi, weka kijiko kidogo cha chai cha tende zilizopikwa na maji ya chungwa mpaka zikawa nzito kama halua. Usizidishe! Kunja pande tatu, kila upande ukilalia mwenzake, bana pembe kwa nguvu, rudisha kwenye baridi dakika 20. Oka kwa nyuzi 180, dakika 12 hadi 15, mpaka kingo ziwe na rangi ya dhahabu. Wenyewe wa zamani wanajaza mbegu za popi. Mimi na tende, na jirani yangu naye kazipenda.

Mwaka 2025 tulioka Alhamisi ya Machi 13. Kwangu ilikuwa Ramadhani, kwake ni Saumu ya Esta, siku inayotangulia Purim. Wawili jikoni, sufuria ya tende inanukia, na hakuna wa kuonja! Tukamwita mjukuu wake mdogo, akalamba mwiko, akafikiri, akasema bado chungwa. Tukaongeza. Saa 12 jioni nilifungua kwa tende na maji pale pale mezani pake, yeye akavaa koti kwenda sinagogi, kwa sababu hafungui mpaka amsikie Esta. Kesho yake mchana mtoto yule yule, amevaa taji la karatasi, alibisha mlango wangu na sahani iliyofungwa vizuri. Juu yake bibi yake alikuwa ameandika: "Ya magharibi."