Je, nipande parachichi kwenye udongo mweusi wa bondeni?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina ekari nne Misungwi, zinateremka kutoka kwenye mawe hadi bondeni. Juu ni mchanga mweupe, katikati pagumu, chini udongo mweusi. Nilichota sampuli hapo chini, maabara ikajibu: Vetisoli, pH 8.3, fosforasi ndogo. Muuza pembejeo ananishauri niweke chokaa kisha nipande parachichi hukohuko, maana udongo mweusi ndio wenye rutuba. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba. Chokaa usinunue. Hiyo ni dawa ya udongo wenye asidi, hasa pH ikishuka chini ya 5.5. Wako umeshapita huko, na huenda chokaa imo tayari: chimba utafute vinundu vidogo vyeupe, vidondoshee siki. Vikitoa povu, ndiyo yenyewe. Kwenye pH hiyo fosforasi hufungwa na kalsiamu, na zinki nayo huadimika.

Kuhusu parachichi, weusi usikudanganye. Vetisoli ni udongo wenye mfinyanzi usiopungua asilimia 30, wa aina inayovimba ikilowa na kusinyaa ikikauka. Nenda shambani mwezi wa nane utazame nyufa. Nyingine zinameza mkono mzima. Ukichimba, utaona mabonge yenye nyuso zinazong'aa, kwa sababu yanasuguana kila msimu. Mizizi ya mti hukatwakatwa humo kiangazi, na masika maji yanatuama. Parachichi haivumilii maji ya kutuama, huoza mizizi haraka. Rutuba ipo kweli, ila mti wako hautaishi hadi kuifaidi.

Kosa lingine liko kwenye sampuli. Moja haiwezi kusemea shamba lenye udongo wa aina tatu. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, alieleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Wazee wa Kisukuma walikuwa na majina yao kwa mpangilio huohuo: luseni (mchanga) juu, itogolo na ibambasi (pagumu) chini yake, kisha mbuga (udongo mweusi). Kwa kuamua upande nini, mimi nayaamini majina hayo kuliko neno moja la kwenye cheti cha maabara, kwa kuwa yanakuambia maji yanakwenda wapi.

Hapo katikati ndipo penye kazi. Chimba shimo la mita moja. Jembe likigonga tabaka gumu kabla ya nusu mita, mizizi nayo itagota hapohapo. Tia kipande kikavu cha udongo huo kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge, uache hadi kesho. Maji yakibaki machafu kama chai ya maziwa, shuku sodiamu, uombe maabara waipime. Ikizidi asilimia 15 ya madini yanayoshikwa na udongo, mahindi yasahau. Lakini tabaka hilo linalokera ndilo linalozuia maji yasizame, ndiyo maana mpunga wa majaruba unakubali maeneo kama hayo. Hata ng'ombe wanapafaa.

Mbugani panda mpunga, au dengu mwishoni mwa mvua ili ikue kwa unyevu uliobaki. Andaa shamba mapema, maana udongo huo ukilowa unanata, ukikauka ni jiwe. Yurea usiirushe juu juu. Kwenye pH hiyo nitrojeni nyingi hupotea hewani. Ifukie.

Luseni ni ya mihogo, viazi vitamu vya matuta na karanga. Haishiki mbolea, kwa hiyo weka samadi, na ya chumvichumvi igawe mara mbili au tatu. Ukitaka miti, ijaribu huku, shimo likionyesha kina cha kutosha kabla ya mwamba. Ningeanza na miembe.

Chukua sampuli upya kabla ya mvua za vuli. Kila eneo changanya udongo wa sehemu kumi hadi kumi na tano, sentimita 0 hadi 20, na wa chini yake uufunge peke yake. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru mko jirani nacho, kaulizie huko. Kama bonde lako linagusa ziwa au mto, acha mita 60 kutoka ukingoni bila kulima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza.