Mkulima wa simu na mbolea ya ruzuku: ekari zako zimeandikwa kwa jina la nani?

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili. Unaishi Tabata, umekodi ekari 8 za mpunga Kilombero: je, mbolea ya ruzuku utaipata? Na mchele ukiuleta Dar, kwenye geti la ushuru wa mazao utapita salama? Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe. Mimi niko Mbagala na nimeanza kulima huko msimu wa 2022/23, kilimo kile cha simu ambacho palizi unaifanya kwa kutuma muamala.

Ruzuku ya sasa ilizinduliwa na Rais Samia Nane Nane ya 2022 kule Mbeya. Bei ya mbolea duniani ilikuwa imepanda vibaya, na mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 ulikuwa umevuka 130,000. Serikali ikatenga bilioni 150, mfuko ukashuka hadi 70,000, na urea, ile ya kukuzia, hivyo hivyo. Mimi hesabu niliipigia kwenye daladala: ekari 6, mifuko 6 ya kupandia, 6 ya kukuzia, naokoa karibu laki saba. Nikapanda basi la alfajiri pale Mbezi, jioni niko Ifakara dukani kwa wakala. Kijana akaingiza namba yangu kwenye simu yake, akasubiri, akaingiza tena.

"Bosi, humo."

Simo kwa sababu sikuwa nimesajiliwa, na wakala hasajili mtu. Usajili unafanyika kijijini lilipo shamba, kwa mtendaji wa kijiji akishirikiana na afisa ugani: jina, NIDA, namba ya simu, ekari ngapi, zao gani. Namba ya usajili unatumiwa kwa ujumbe, hiyo ndiyo unayompa wakala, na mfumo unakupa mifuko kwa kadiri ya ekari ulizoandikisha. Ni bure. Ukiombwa hela ya soda, hiyo ni soda ya mwombaji.

Nikaenda kijijini nikidhani kazi imebaki ndogo. Mtendaji akafungua kaunta buku lake, lile la jalada gumu alilolifunika kwa karatasi ya kalenda, akateremsha kidole taratibu mpaka kwenye jina la mzee aliyenikodisha. Ekari zangu 6 zilikuwa hapo, zimeandikwa kwake, na mbolea yake ilishachukuliwa. Kisheria mzee hakuiba kitu, shamba ni lake. Mbolea ilikokwenda sikumuuliza, naye hakusema. Msimu ule nilinunua kwa bei kamili, na urea niliweka nusu. Mpunga ulikuwa na rangi ya njano hata kwenye picha za simu.

Hapo ndipo wengi wetu wa Dar tunapokwama. Tunahangaika kutafuta habari wizarani na kwenye maduka ya pembejeo Kariakoo, wakati kitu chenyewe kimelala kwenye daftari la kijiji.

Mwaka uliofuata nilikwenda mwezi wa tisa, mapema kabisa. Nilimkuta mzee kwake, shikamoo, tukaongea kwa heshima. Nikamwongezea kidogo kwenye kodi, na yeye akakubali ekari zile zisajiliwe kwangu kwa msimu huo. Mkataba tuliandika ukurasa mmoja mbele ya mtendaji, mashahidi wawili, muhuri. Mtendaji akakata jina la mzee kwa rula, mstari mmoja wa bluu, akaandika langu juu yake kwa herufi ndogo ndogo. Siku chache baadaye ujumbe ukaingia. Nyie mnaokodi kwa maneno ya mdomo na kutuma hela tu, mnaandaa ugomvi.

Jambo jingine, bei ya ruzuku inaishia dukani kwa wakala. Kutoka mjini mpaka shambani ni guta au bodaboda, na hiyo ni juu yako. Usingoje mvua ianze ndipo ufuate mbolea, kila mtu huwa yupo pale siku hiyo.

Sasa geti. Bajeti ya 2017/18 ilileta nafuu mbili kwenye ushuru wa mazao: viwango vilipunguzwa kutoka asilimia 5, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukaondolewa ushuru. Mambo haya huguswa na Sheria ya Fedha inayoanza kutumika kila tarehe 1 Julai, kwa hiyo ulizia halmashauri kabla hujapakia, usitegemee maneno ya dereva.

Mimi tani moja ilinichezea shere. Nilikoboa, nikapakia magunia 9 ya mchele, nikijisemea gunia ni kilo 100, niko chini. Vibarua wa mashine walishindilia na kushona kilemba juu, lumbesa kamili. Getini wakatoa mizani. Gunia la kwanza, kilo 118. La pili, 116. Sikuhitaji kusubiri la tisa. Nikalipa ushuru wa mzigo mzima, na nikakumbushwa kwamba Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, kwa hiyo nishukuru nimeachiwa. Kilichoniuma zaidi ni sokoni Tandale, Dar: dalali aliyamwaga na kuyapima upya kwa kilo, kile kilemba hakikuniongezea hata senti. Siku hizi nasimama mwenyewe kwenye mizani ya mashineni, au namtuma shemeji. Na ukilipa chochote njiani, dai risiti ya mashine.

Kwa ekari zako 8, mpigie mwenye shamba leo hii, umuulize kama ameshazisajili. Kama ameshafanya hivyo, ongeeni bei ya kodi upya kabla hujatuma salio. Halafu tuambie ni kijiji gani, maana upande wa Mang'ula nina jamaa mwenye mizani anayoazimisha.