Usifue Shati Hilo

Kesi yangu ya kwanza ya kipigo cha polisi ilinifikia siku ya nne baada ya tukio. Kijana alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa kwa leso, na mama yake akanitolea shati alilokuwa amelivaa siku ile. Lilikuwa limefuliwa, likapigwa pasi, likakunjwa vizuri. Mama hakukosea. Nani huacha damu ya mwanawe kwenye nguo? Lakini tangu siku hiyo, mtu akinipigia simu, salamu ikiisha namwambia: usifue chochote. Nguo ikauke kivulini, itiwe kwenye bahasha ya khaki, si plastiki, maana unyevu huozesha. Andika tarehe juu yake.

Wewe unayeanza usaidizi wa kisheria hapa Kenya, mpeleke mtu hospitali siku hiyohiyo, na amwambie daktari ukweli. Wengi kwa woga husema "nilianguka." Neno hilo huandikwa, na wakili wa serikali atalisoma mahakamani. Kisha fuata namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, na fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha. Kituo kikikataa kuandikisha, nenda IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, nawe uwe umeandika saa na namba ya askari aliyekukatalia.

Linaloponza wengi ni muda. Dai la kawaida la fidia dhidi ya serikali lina miezi 12 tu. Ombi la kikatiba chini ya Kifungu cha 22 halina ukomo huo, lakini ukichelewa jaji atataka sababu.

Kanuni za 2013 za kudai haki za kikatiba mahakamani zinaruhusu ombi hata kwa barua. Hata hivyo, tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, mwombaji hutakiwa kutaja bayana haki iliyovunjwa, kifungu chake, na namna ilivyovunjwa. "Polisi walimdhulumu" haitoshi. Tuliandika hivi: alikuwa amelala kifudifudi, pingu mikononi, ndipo rungu likamshukia kiwikoni. Pingu zile ndizo zilizokuwa kesi yetu. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, 2011, linamtaka askari aanze na njia zisizo za nguvu, na nguvu ilingane na hatari. Aliyefungwa pingu ana hatari gani? Askari akijitetea kwamba aliamriwa na mkubwa wake, mfungulie jedwali hilohilo: amri ya mkubwa si kisingizio.