Weixin: heshima isiyokuja na cheo

Ukienda Guangzhou, China, kufuata mzigo, kila mtu ni "laoban", yaani bosi. Mwenye duka laoban, na wewe uliyeshuka jana na begi moja ni laoban vilevile. Neno hilo hawalionei uchoyo. Lakini kiongozi anayesema mara moja na watu wakanyanyuka, bila kelele, huyo husemwa ana weixin.

Niliiona kwa mama aliyeendesha ghala tulilokuwa tukipakilia makontena. Mwaka Mpya wa Kichina ukikaribia, vibarua wanataka chao kabla ya kupanda treni kwenda makwao, na hapo ndipo matajiri wengi huanza kupiga chenga. Yeye alitaja siku na saa mbele ya wote. Saa ikifika, anakaa kando ya mizani na kulipa mmoja mmoja kwa simu. Kila aliyesikia mlio kwenye simu yake anachukua begi anaondoka. Basi siku nyingine akisema kontena halilali, hakuna anayeguna.

Mbinu hiyo ni ya kale. Karne ya 4 kabla ya Kristo, Shang Yang, waziri wa dola ya Qin katika China ya kale, alikuwa na sheria mpya na wananchi wasiomwamini. Akasimamisha nguzo ya mbao kwenye lango la kusini la soko, akaahidi vipande 10 vya dhahabu kwa atakayeihamishia lango la kaskazini. Watu wakaitazama tu. Akapandisha hadi 50. Mmoja akajitosa, akalipwa papo hapo. Ndipo sheria zikatangazwa.

Wengi huishia hapo wakisimulia. Mimi napenda kinachofuata: mrithi wa mfalme alipovunja sheria, Shang Yang hakufumba macho. Mrithi mwenyewe hakuweza kumwadhibu, akawaadhibu walezi wake. (Sheria zenyewe zilikuwa za kikatili, sizisifii.)

Kwa hiyo ukikabidhiwa watu, iwe dukani au kwenye kikundi cha kuweka akiba, usianze na hotuba. Wiki ya kwanza ahidi kitu kidogo kilicho mkononi mwako, labda posho ya nauli au funguo za stoo, taja siku, kitimize wote wakiona. Kama Ijumaa huna hakika nayo, sema Jumatatu. Na faini ya wachelewaji usiitangaze kabla hujajiuliza kama utamtoza na shemeji yako.