Kwa walimu wapya wa UPE: washirikisheni wazazi

UPE, mpango wa Uganda wa elimu ya msingi bila ada, ilianza 1997, na Sheria ya Elimu ya 2008 ikaifanya miaka saba ya shule ya msingi kuwa ya lazima. Lazima hiyo humfikisha mtoto darasani, basi. Kwa kuwa wanafunzi hupandishwa darasa hata wasipoelewa, utamkuta P5 (darasa la tano la msingi) mtoto anayenakili ubao mzima kwa mwandiko mzuri, na hawezi kukusomea mstari mmoja kati ya aliyoandika.

Wiki ya kwanza usikimbilie silabasi. Mwite mtoto mmoja mmoja, dakika tatu zinatosha: herufi kumi, maneno kumi, kisha hadithi fupi ya kiwango cha P2. Mpime kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiingereza, maana hadi P3 watoto wengi vijijini hufundishwa kwa lugha ya eneo. Aliyekwama kwenye Kiingereza tu hahitaji msaada uleule wa asiyejua herufi.

Wazazi waonyeshwe hali hiyo wazi. Alama 43 kwenye ripoti haimwambii kitu mama asiyesoma Kiingereza. Mwache mtoto asome mbele yake. Kisha mwombe kila jioni amsikilize akisoma kwa sauti, dakika kumi na tano. Hata mzazi asiyejua kusoma anafaa, kwa sababu kusitasita husikika.

Kuhusu utoro, uliza kabla ya kuadhibu. Kule Butaleja, mashariki mwa Uganda, mpunga ukianza kujaza punje, watoto huamia ndege wasiule tangu alfajiri. Mzazi akitishiwa polisi atakuitikia tu, na mtoto atabaki shambani. Kaeni naye pamoja na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mpange zamu: jirani wapokezane, watu wazima washike asubuhi.

Chakula nacho sheria imemwachia mzazi. Uji wa gramu 50 za unga kwa siku, kwa muhula wa siku 60, ni kilo 3 kwa mtoto. Omba mahindi mara baada ya mavuno, kabla ghala halijaisha. Kamati ya shule ipime kwa mizani mbele ya watu, na kila Ijumaa kiasi kilichobaki kibandikwe ukutani. Hesabu za stoo zikifichwa, muhula unaofuata hakuna atakayeleta. Ambaye kwao hawakuleta anywe uji na wenzake. Sheria hairuhusu afukuzwe kwa kukosa mchango, na wengine wanaorudishwa nyumbani kwa sababu hiyo hawarudi tena.