Volkswagen ya 1965 au Pijo 504? Mimi ningenunua hii

Swali huwa ni lile lile kila ninapoegesha: mtu anataka gari la zamani, achukue Volkswagen ya mgongo wa kobe au Pijo? Nimekuwa nazo zote mbili, Volkswagen ya 1965 na Peugeot 504 ya 1982 iliyounganishwa Mombasa. Kama una familia na safari za mbali, chukua Pijo.

Nilianza na Volkswagen. Injini yake iko nyuma, haina maji wala rejeta, inapozwa na upepo wa feni. Watu wakisikia haina maji hudhani haichemki. Siku moja nikipanda kutoka Naivasha, taa nyekundu ya chaji iliwaka. Nikajiambia betri itanifikisha nyumbani. Kumbe mkanda unaozungusha jenereta ndio huo huo unaozungusha feni, na ulikuwa umekatika! Sikufika Kimende, injini ilinoki. Fundi alipoifungua, silinda namba tatu ndiyo iliyoungua zaidi, maana kwenye injini za miaka ile kipoza oili kimekaa kwenye njia ya upepo wake. Taa hiyo ikiwaka, zima papo hapo, hata kama uko katikati ya mlima. Mkanda wa akiba na spana yake visitoke garini.

Ukienda kuikagua, achana na rangi. Inua kiti cha nyuma: betri iko hapo chini, na asidi yake hula sakafu mpaka uone lami. Uliza pia kama umeme wake ni wa volti 6 au 12. Yangu ilikuwa ya 6, na usiku taa zake zilikuwa koroboi mbili.

Pijo ina springi laini zenye mwendo mrefu, na mashimo yetu inayameza tu. Ilishinda Safari Rally 1975, na 1978 ikashinda tena, ingawa ile ya pili ilikuwa ya milango miwili (coupé), yenye injini ya V6, yaani silinda sita. (Volkswagen nayo ilishinda 1962, msiniandame.)

Ugonjwa wa Pijo ni maji. Silinda zake ni mabomba yanayochomolewa, yamezungukwa na maji moja kwa moja. Mwenye gari akijaza maji ya mfereji miaka nenda miaka rudi, kutu inaila ndani kwa ndani. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili; taja bei ya chuma chakavu au ujiondokee. Na hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ikishafunguliwa, fundi asizungushe injini kabla ya kuzibana silinda hizo, la sivyo zitainuka na maji yatapita chini.

Volkswagen sijaiuza. Ni ya Jumapili, kanisani na kurudi, na mikanda miwili ya akiba iko kwenye buti, ambayo iko mbele.