Walilipuaje mapango matakatifu na sheria ipo?

SWALI: Mhariri shikamoo, nimesikia huko Australia kampuni ya madini ililipua mapango matakatifu ya Waaborijini, wenyeji asilia wa huko, hivi sheria haikuwepo?

JIBU: Marahaba. Ilikuwepo, tena ndo iliyowapa ruhusa! Mei 2020 Rio Tinto walilipua mapango mawili pale Juukan Gorge, Pilbara, Australia Magharibi, wapanue mgodi wa madini ya chuma, na hapo watu walikaa tangu miaka 46,000 iliyopita, wataalamu walikuta hadi nywele zilizosukwa za miaka 4,000 na DNA ikaendana na ya Waaborijini wa eneo hilo wa leo, Wapuutu Kunti Kurrama na Pinikura, yani nywele za mababu zao kabisa. Sheria ya 1972 ya urithi wa Waaborijini ilimruhusu waziri kutoa kibali cha kuharibu, kilitoka 2013, na kampuni ilikua na haki ya kukata rufaa ila wenyeji hawana, ajabu eti. Bosi mkuu aliachia ngazi. Sheria mpya ikaanza Julai 2023, wakulima wakapiga kelele, ikafutwa mwaka huohuo wakarudia ile ile ya 1972 na marekebisho, walau sasa wenyeji nao wanaweza kupinga uamuzi wa waziri.